Ufundi wa ndege: Cheti cha chuo si leseni

MAFUNZO ya msingi ya ufundi wa ndege ni hatua ya kwanza kati ya kidato cha nne na ile siku ambapo mtu huruhusiwa kutia sahihi kwamba ndege iko salama kuruka. Hayamfanyi mwanafunzi kuwa mjuzi wa Boeing wala wa Cessna. Humpa elimu ambayo ni sawa kwa ndege zote, kubwa kwa ndogo, na baadaye ndipo husomea aina moja mahususi. Kwa mzazi wa Kimumu, kwenye barabara ya Eldoret kuelekea Iten, anayewaza kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili alipe karo, kuzitofautisha hatua hizo ni jambo la lazima. Cheti cha chuo si leseni.

Kanuni zinazotumiwa duniani kote zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Anayeomba leseni ya kuhudumia ndege nzima sharti awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na uzoefu wa kazi wa miaka minne. Muda huo hupunguzwa hadi miaka miwili iwapo amehitimu kozi iliyoidhinishwa. Nchini Kenya, mwenye kuidhinisha kozi na kutoa leseni ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, iliyoundwa 2002.

Neno "iliyoidhinishwa" ndilo hupuuzwa na wengi. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kufunza taaluma nyingine za kiufundi na bado kisiwe na kibali cha KCAA cha kufunza ufundi wa ndege. Aidha, kibali hutaja kozi zinazoruhusiwa. Ruhusa ya kufunza wahudumu wa abiria haihusu injini. Mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa kibali hicho, asome kozi zilizotajwa na tarehe ya mwisho, kisha aulize KCAA yenyewe. Afanye hivyo kabla ya kulipa, si baada ya muhula wa kwanza.

Darasani, masomo huanza na hisabati, fizikia na umeme, kisha elektroniki, jinsi bawa linavyoinua ndege, aina za metali na viungio, sheria za usafiri wa anga, na udhaifu wa binadamu kazini. Mbele zaidi, wanafunzi hugawanyika: wapo wanaoelekea kwenye kiunzi na injini, na wapo wanaochukua mifumo ya umeme, mawasiliano na vipimo.

Fizikia huwachosha wengi, ilhali Eldoret ni mahali pazuri mno pa kuisomea. Jiji hilo liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Katika ndege nyingi za injini ya pistoni kuna kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia katika injini. Kabla injini haijawashwa, kipimo hicho husoma karibu inchi 30 za zebaki kikiwa Mombasa, lakini Eldoret husoma takriban 23. Injini isiyo na mtambo wa kusukumiwa hewa ya ziada hupoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake huko juu. Fundi asiyelielewa hilo ataishuku injini nzima. Kibaya zaidi, huenda akasingizia mwinuko wa mahali huku injini ikiwa mbovu kweli. Haishangazi kwamba uwanja wa ndege wa Eldoret, ulio upande wa pili wa jiji kwenye barabara ya Kisumu, una njia ya kurukia ya takriban kilomita 3.5.

Katika karakana, mambo huanza kwa unyenyekevu. Mwanafunzi hupewa kipande cha chuma na tupa, akikwangue hadi kifikie vipimo vilivyoandikwa. Hujifunza kupiga riveti, kufunga nati kwa waya ili isilegezwe na mtikisiko, kukaza bolti kwa spana inayopima nguvu, na kuhesabu zana zake kabla na baada ya kazi. Bisibisi iliyosahaulika ndani ya bawa yaweza kuzuia nyaya za usukani.

Kwa nini bolti zitengewe somo zima? Mnamo Juni 10, 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven ilikuwa ikitoka Birmingham kuelekea Malaga wakati kioo kimoja cha mbele kilipong'oka angani. Rubani mkuu, Tim Lancaster, alivutwa nje nusu ya mwili. Wahudumu waliishikilia miguu yake hadi rubani msaidizi alipotua Southampton, na Lancaster akapona. Wachunguzi waligundua kwamba kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla ya safari hiyo. Kati ya bolti 90 zilizotumika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa, tofauti ikiwa chini ya milimita moja; sita zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezifunga hakuwa mgeni wa kazi. Alilinganisha bolti kwa macho badala ya kusoma nambari yake katika orodha ya vipuri.

Afrika Mashariki si changa katika mafunzo haya. Shirika la East African Airways lilianza 1946, na chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi, Nairobi, kilianzishwa 1954. Mnamo 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha marubani na mafundi mjini Soroti, Uganda. Jumuiya ilipovunjika 1977, shirika hilo la ndege lilisambaratika, Kenya Airways ikaundwa mwaka uo huo, na Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda.

Lugha nayo ina uzito wake. Vitabu vya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza, na tangu miaka ya 1980 watengenezaji wa ndege wamekuwa wakitumia Kiingereza kilichorahisishwa makusudi, ambacho kila neno lina maana moja tu. Mafundi wanaweza kujadiliana kwa Kiswahili au Kikalenjin wapendavyo, lakini sahihi yao huthibitisha kwamba maandishi yale yamefuatwa neno kwa neno.

Mwanafunzi akimaliza chuo, huanza kuhesabu miaka ile ya uzoefu, mara nyingi akiwa katika karakana za Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kila kazi aliyoifanya huiandika katika kitabu chake pamoja na tarehe na nambari ya ndege, na fundi mwenye leseni aliyemsimamia huithibitisha kwa sahihi. Kazi isiyo na sahihi hiyo ni vigumu kuhesabiwa, hata kama ndege yenyewe ingali inaruka.