Ukipenda Wanyika, Uliza Nani Alipiga Gitaa

Swali lenyewe ni la kila siku: umeupenda wimbo mmoja, utapataje mwingine wa damu moja nao? Sisi wa kizazi changu tumezoea kujibiwa na simu. Unasikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ikiisha simu inakuletea nyingine, halafu nyingine, na kabla saa haijaisha umerudishiwa zile zile kumi ambazo kila mtu anazijua, za harusini na za matatu za usiku. Simu inajua kwamba waliosikiliza huu walisikiliza na ule. Kitu haijui ni nani alishika gitaa.

Na ukiifuata historia ya muziki wa dansi hapa Nairobi, utaona kwamba kwa miaka mingi jibu la swali hili lilikuwa jina la mtu. Wanyika ndio mfano ninaoujua vizuri zaidi, kwa hivyo twende nao.

Tuanzie Tanga. Katika miaka ya 1960, Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George walikuwa wakipiga na Jamhuri Jazz Band, wakati mji huo ulikuwa pia na Atomic Jazz, na mashabiki wake walijua kubishana. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaungana na ndugu yao mwingine, William, wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kuja Kenya, na hapo ndipo bendi ikawa Simba Wanyika.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu santuri zilikuwa Nairobi. Tanzania ilikuwa na bendi kali na redio ya taifa iliyozirekodi, lakini haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri. Kenya kulikuwa na studio, kampuni za kurekodi, kiwanda, na maduka ya River Road na mitaa ya karibu. Mwanamuziki aliyetaka wimbo wake ushikike mkononi, uuzwe, upigwe kwenye baa ya mji asioujua, alikuja huku. Wakongo walikuja, Watanzania wakaja, na wakati mwingine walijikuta bendi moja.

Mwaka 1978 Simba Wanyika ikapasuka. Omar Shabani, aliyekuwa akipiga gitaa la rithimu na ambaye watu walimwita Profesa, aliondoka na wenzake kadhaa, akiwemo Tommy Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika. Baadaye akaingia John Ngereza, Mtanzania mwingine, ambaye hapo awali alikuwa na Orchestra Bwambe Bwambe, bendi ya Wakongo. Issa Juma, mwenye ile sauti nzito, aliimba nao mwanzoni, kisha mwaka 1981 akaanzisha yake, Super Wanyika. Nayo Simba Wanyika yenyewe haikufa. Wilson aliendelea nayo.

Sasa jiweke mahali pa shabiki wa wakati huo. Bendi yako imegawanyika. Utawapataje watu wako? Angalia majina: Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika. Neno hilo moja lilibebwa kutoka bendi hadi bendi kama kibao cha barabarani. Lilimwambia mnunuzi aliyesimama dukani: ikiwa uliwapenda wale, hawa ni wa nyumba hiyo hiyo, chukua bila wasiwasi. Tunachofanyiwa na simu leo, wao walikifanya kwa neno moja lililoandikwa katikati ya santuri.

Lakini kibao kinaweza kukupitisha mbali na unakokwenda. George Kinyonga alirekodi pia kwa jina la Jobiso. Hakuna Wanyika hapo. Aliyefuata neno peke yake aliipita santuri hiyo dukani, na ndani yake alikuwemo mmoja wa waanzilishi wa Wanyika. Aliyemjua George hakuipita.

Kwa hivyo shabiki alihitaji zaidi ya jina la bendi. Karatasi ya katikati ya santuri ilisaidia, maana mara nyingi ilikuwa na jina la mtunzi chini ya jina la wimbo. Zile santuri ndogo za 45 zilikuwa na mambo yake: wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza ukabeba hadithi, na ukigeuza ukakutana na magitaa yakiwa yamefunguliwa. Ukigeuza mara mia unaanza kuzijua mikono za watu, hata kama hujawahi kuwaona. Redio nayo ilikuwa na vipindi vya salamu, kadi zikisomwa moja baada ya nyingine, na kati ya salamu za mashemeji na za majirani mtangazaji anataja wimbo na waliouimba. Na kulikuwa na klabu. Pale unamwona kwa macho yako ni nani aliyesimama jukwaani na nani hayupo tena.

Mimi sikuyakuta hayo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo shule yangu ya muziki imekuwa mahali kama Soko la Kenyatta, ambako bado santuri za zamani zinauzwa. Siku moja nilimwambia mzee mmoja muuzaji kwamba natafuta kitu kinachofanana na "Sina Makosa".

"Kufanana wapi?" akaniuliza.

Sikuelewa.

"Kijana wangu, wimbo una watu wengi ndani. Wewe unampenda nani humo? Anayeimba? Wa solo? Ama yule wa nyuma?"

Akauweka. Akaniambia niache kusikiliza maneno, nimsikilize yule wa nyuma. Kusema kweli nilikuwa nimeusikia wimbo ule tangu utotoni na sikuwahi kumsikia. Gitaa la rithimu la Omar Shabani halina haraka wala kelele, linakwenda mwendo mmoja mwepesi, na besi ya Malanga inaacha mapengo, inaingia pale usipoitarajia, inatoka. Hao wawili ndio nyumba. Waimbaji ni wageni waliokaribishwa ndani.

Baada ya hapo kila kitu kilifunguka. Ukipenda rithimu, kaa na Les Wanyika, sikiliza hata zile nyimbo zisizochezwa harusini. Ukipenda sauti, mfuate Issa Juma hadi "Sigalame", ambako kasi ni nyingine kabisa. Ukipenda solo inayozungumza kwa upole, rudi Simba Wanyika kwa Wilson, na ukishafika kwa Wilson usisimame, endelea nyuma hadi Jamhuri Jazz, usikie Tanga ilivyokuwa kabla ya Nairobi. Ukimpenda Ngereza, mlango wa Wakongo uko wazi kupitia Bwambe Bwambe. Nyimbo hizi hazifanani zote, na hapo ndipo raha ilipo. Simu inakutafutia kinachofanana. Mtu anakupeleka alikopita, na alikopita huenda hujawahi kupawaza.

Lakini njia hii inahitaji majina, na majina yanatoweka. Fungua nyimbo hizi kwenye simu leo. Utaona jina la bendi, picha ambayo pengine si ya wakati ule, na mwaka ambao mara nyingi ni wa siku wimbo ulipopandishwa kwenye intaneti. Wapigaji hawamo. Na wa kuulizwa wamepungua: kati ya 1992 na 1999 walifariki George na Wilson Kinyonga, Omar Shabani na John Ngereza. Kilichobaki kiko kwenye karatasi za katikati ya santuri zinazochubuka, na kwenye vichwa vya wazee wachache wanaouza santuri hizo.

Huenda jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Naandikia watu maelezo ya bidhaa, hotuba, hata barua za mapenzi mara moja moja, na karibu zote zinatoka bila jina langu. Najua maana ya kusikia mtu akisifu sentensi uliyoikesha usiku, na usiweze kunyanyua mkono. Kwa mwanamuziki hasara ni kubwa zaidi. Jina lisipoandikwa popote, mjane au mtoto atadai malipo kwa ushahidi gani?

Kwa hivyo nina daftari. Kila santuri ninayoruhusiwa kuishika nanakili kila kitu kilichochapishwa katikati: wimbo, bendi, mtunzi, kampuni, namba. Pembeni naandika aliyepiga nini, nikiambiwa na zaidi ya mtu mmoja. Asipojulikana naacha nafasi, sijazi kwa kubahatisha. Nafasi tupu ni nyingi kuliko majina, hasa kwenye ngoma na besi. Kama kwenu kuna mjomba aliyekuwa akienda klabu miaka hiyo, mwekee wimbo mmoja, usimuulize kama anaukumbuka. Muulize nani alikuwa kwenye ngoma, kisha uandike jibu lake.