Chombo Kinachorudi

Lugha yetu huliita jahazi chombo, na bakuli nalo huliita chombo. Washairi wa pwani wameutumia upana huo wa neno tangu zamani, lakini aghalabu ni chombo cha baharini kilichopata beti. Cha jikoni kimeachiwa wanawake na kazi zao. Makala haya yanakishughulikia hicho cha pili, na hasa kile kinachotoka nyumbani asubuhi kikiwa na chakula cha mchana, kikatarajiwa kurudi jioni.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti na kuwekewa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Wengi wamelisoma simulizi hilo wakastaajabia mlo. Mimi huvitazama vyombo: chano katikati, na kila kilaji cha majimaji katika chombo chake. Chakula cha pwani ni chakula cha mchuzi, na mchuzi hautaki mzaha. Hauwezi kufungwa katika jani ukachukuliwa mwendo wa saa mbili.

Ndiyo maana chakula cha safari kilikuwa kingine. Baharia alichukua tende na papa mkavu, na tende zenyewe zilikuja kutoka Uarabuni zimeshindiliwa katika makanda ya kusuka. Mkulima aliondoka na muhogo au ndizi katika kikapu cha ukili, na jani la mgomba likawa kanga ya chakula. Pakacha la makuti lilisukwa papo hapo chini ya mnazi, likabeba mzigo wa siku hiyo, kisha likaachwa lioze shambani. Hatuna haja ya kuwasifu wazee wetu kwa jambo hilo kana kwamba walikuwa na falsafa maalumu ya kutunza ardhi. Walitumia kilichokuwapo, na kilichokuwapo kilijua kuoza.

Vyombo vya kudumu vilikuja kwa njia nyingi, na majina yake yanatoa ushahidi. Sinia ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Uchina. Kopo tumeachiwa na Wareno. Debe tumelipata kwa Wahindi, kwao likiwa ni daba. Nasi tukalipa jina hilo bati la mafuta ya taa, ambalo lilipokwisha mafuta halikutupwa bali lilichota maji na kupimia nafaka miaka na miaka.

Hiyo daba ya Wahindi inastahili kusimamiwa kidogo. Ni mikebe ya duara inayopandana, mitatu au minne, ikashikwa na kipini kimoja: wali chini, dengu katikati, mboga juu. Huko Bombay, ambako majahazi yetu yalikuwa na mazoea napo, mwaka 1890 Mahadeo Havaji Bachche alikusanya watu wapatao mia moja wa kuchukua chakula kutoka majumbani kuwapelekea wafanyakazi maofisini. Kila mfuniko hutiwa alama za rangi, herufi na tarakimu ili mchukuzi, hata asiyejua kusoma, atambue inakokwenda na inakotoka. Alasiri hiyohiyo mikebe mitupu hurudishwa kwa wenyewe. Kazi hiyo ingaliko. Siri yake, kwa maoni yangu, iko katika safari ya kurudi kuliko ile ya kwenda.

Alama hizo si ngeni kwetu. Pinduza bakuli la nyumba yoyote ya visiwani iliyowahi kuazimisha vyombo vya arusi, utaona chini yake tone la rangi ya kucha, herufi mbili au mkwaruzo wa msumari. Ni hati ya umiliki, na pia ni ahadi ya kurejeshwa. Tena bakuli la jirani halikurudi tupu. Lililokuja na uji wa futari lilirejea na vitumbua. Lililokuja na mbaazi za nazi lilirejea hata na ndimu mbili, ilimradi lisirudi na upepo.

Kisha ukaja mfuko wa plastiki, usio na alama wala mwenyewe. Haukuharibu fukwe tu. Ulibadilisha pia kinacholiwa mchana, jambo ambalo halisemwi sana. Mtoto aliyetoka na bakuli lenye mfuniko aliweza kula kunde, mchicha na kipande cha samaki. Anayetoka na sarafu mkononi hurudi ameshiba chipsi na andazi, kwa kuwa ndivyo vinavyokaa katika kifuko bila kumwagika. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria ilikuwa ya haki. Lakini sheria huondoa mfuko; haimrudishii mtu bakuli.

Bakuli lina gharama yake, na anayeilipa tunamjua. Ni yule anayeamka kabla ya alfajiri, kwa kuwa tui likifunikwa lingali moto huchacha kabla ya adhuhuri, hivyo lazima apike mapema na aache lipoe, au akaushe mchuzi na kutia ndimu. Jioni yeye huyohuyo ndiye anayeuliza mfuniko uko wapi. Kama tunataka watoto wale vyema bila kujaza jaa, basi kuosha na kuuliza kusiwe kwa mtu mmoja. Mchukuzi wa Bombay analipwa kwa kurudisha chombo. Mama wa Ng'ambo halipwi kitu.

Kwangu liko bakuli la jirani tangu Ramadhani, la bluu, lenye herufi ya jina lake kwa rangi nyekundu. Langu liko kwake. Hatujaulizana.