Kanda za Grateful Dead na Sifa ya Maonyesho Matatu

Kundi la wanamuziki liitwalo Grateful Dead lilianza huko California katika mwaka wa 1965, likadumu miaka 30 hata alipofariki mpiga gitaa wake mkuu, Jerry Garcia, tarehe 9 Agosti 1995. Katika muda huo lilifanya maonyesho zaidi ya 2,300. Desturi yake kubwa ilikuwa kutopiga wimbo mara mbili kwa namna ile ile: wapigaji walibuni papo hapo mbele ya watu, na wimbo uliweza kurefushwa, au kuunganishwa na mwingine bila kusimama. Kwa hiyo wapenzi wake hawakutosheka na santuri za dukani, bali waliyanasa maonyesho wenyewe na kubadilishana kanda. Mwaka wa 1984 kundi likawatengea wenye vinasa sauti mahali pao ukumbini. Kutokana na kanda hizo umezuka ubishi usiokwisha: ni onyesho lipi lililo bora?

Maonyesho matatu hutajwa aghalabu. La kwanza ni la Fillmore West, San Francisco, tarehe 27 Februari 1969. Wimbo wa "Dark Star", ambao katika santuri ndogo ya mwaka wa 1968 haukutimia dakika 3, usiku ule ulichukua dakika 23. Ulinaswa kwa mashine ya njia 16, ambayo ilikuwa ngeni wakati huo, ukatolewa mwaka ule ule katika santuri ya Live/Dead. Humo kila chombo husikika peke yake, na gitaa la besi la Phil Lesh halimfuati Garcia tu, bali humjibu.

La pili lilifanyika uwanjani Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972, kwa kukisaidia kiwanda cha maziwa cha Springfield kilichohitaji fedha. Jua lilikuwa kali hata vyombo vikapotoka sauti. Mpiga ngoma alikuwa mmoja tu, Bill Kreutzmann, kwa kuwa mwenzake Mickey Hart alikuwa amejitenga na kundi; na wepesi wa mapigo hayo uliipa nafasi piano ya Keith Godchaux. "Dark Star" ya siku hiyo ilizidi dakika 30. Onyesho hili halikutolewa rasmi ila mwaka wa 2013; kabla ya hapo lilijulikana kwa nakala zilizopita mkono kwa mkono.

La tatu, nalo ndilo mashuhuri kuliko yote, ni la Barton Hall katika Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, tarehe 8 Mei 1977. "Dark Star" haikupigwa kabisa. Linasifiwa kwa jinsi "Scarlet Begonias" ilivyounganishwa na "Fire on the Mountain", na kwa "Morning Dew", ambayo Garcia aliipandisha polepole kutoka sauti ya chini mpaka kishindo. Hart alikuwa amekwisha kurudi, na ngoma za watu wawili ziliupa muziki uzito na nidhamu. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza ukanda huo katika orodha yake ya sauti za taifa ya mwaka wa 2011.

Walakini sifa ya Cornell ina mzizi wa pili. Onyesho hilo lilinaswa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa kundi, ambaye kanda zake zilikuwa safi kuliko za wengi. Mwaka wa 1986 kanda zake nyingi ziliuzwa kwa mnada baada ya kodi ya ghala kutolipwa, na nakala zake zikaenea. Kila unakilishaji wa kaseti kwa kaseti huongeza mvumo. Basi ukanda ulioanza ukiwa safi ulistahimili safari ndefu, na ulioanza ukiwa hafifu uliharibika njiani. Hivyo usiku ulionaswa vema uliweza kuushinda usiku uliopigwa vema.

Mwaka wa 2017 mizani ilisawazishwa kidogo. Yalitolewa pamoja maonyesho manne ya Mei 1977 yaliyonaswa na fundi huyo huyo: New Haven tarehe 5, Boston tarehe 7, Ithaca tarehe 8, na Buffalo tarehe 9. La Buffalo, lililofunguliwa kwa "Help on the Way", "Slipknot!" na "Franklin's Tower" mfululizo, halionekani kuwa duni kwa jirani yake. Hata hivyo "Morning Dew" ya Cornell haikupoteza nguvu zake. Onyesho la Cornell halikushushwa daraja, bali limepata wenzake.

Mwenye kulinganisha maonyesho hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyenasa, kwa chombo gani, na nakala ilipita mikono mingapi. Asipouliza hayo, ataisifu kazi ya fundi akidhani anamsifu mpigaji, na nyusiku zilizokosa ukanda mzuri zitaendelea kuhukumiwa bila kusikilizwa.