Chipseti ya Kupandisha Kasi ya Prosesa: Karatu na Ngorongoro

Chipseti ni chipu ya kwenye mazabodi inayounganisha prosesa na diski, milango ya USB, mtandao na sauti. Kwa anayetaka kuikimbiza prosesa kupita kasi iliyowekwa kiwandani, kazi yake ya maana ni moja: kuruhusu au kukataza kubadilishwa kwa kizidishi, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi ya megahezi 100. Kizidishi cha 36 hutoa gigahezi 3.6, cha 42 hutoa 4.2. Wauzaji hupanga chipseti kwa madaraja, na mnunuzi wa Karatu anayeagiza bodi Arusha au Dar es Salaam ni rahisi kushauriwa achukue Z ya Intel au X ya AMD kama kweli anataka kasi. Ushauri huo una kasoro. Chipseti ya leo haitoi nguvu yoyote. Ni kufuli, na likishafunguka, fedha zilizobaki zina kazi kubwa zaidi kwingine, hasa katika nyanda hizi za juu ambako baridi humsaidia mpandisha kasi na umeme humwangusha.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1998 Intel 440BX ndiyo iliyobeba basi ya mfumo na njia ya kumbukumbu. Celeron 300A, iliyotengenezwa kwa basi ya megahezi 66, ikiwekwa kwenye bodi ya 440BX na basi kupandishwa hadi 100, mara nyingi ilifika megahezi 450 bila taabu. Hapo chipseti nzuri ilikuwa ndiyo kasi yenyewe. Kisha AMD ikahamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafuata mwaka 2008. Ilipotoka Sandy Bridge mwaka 2011, saa ya msingi ilifungamanishwa na karibu kila kitu kwenye bodi, ikawa haisogei ila asilimia chache, kikabaki kizidishi peke yake. Intel ilikiacha wazi kwenye P67, kisha Z68, ikakifunga kwenye H67. Ushahidi kwamba kufuli hilo ni la kibiashara ulijitokeza mwaka 2013, pale baadhi ya watengenezaji wa bodi walipofungua kizidishi kwenye B85 na H87 za bei nafuu kwa kubadilisha BIOS tu, na Intel ikajibu kwa sasisho la kukifunga tena. Hakuna kilichobadilishwa kwenye chipu. Hadi leo, kwa kompyuta za kawaida, Intel hufungua kizidishi kwenye Z tu, tena kwa prosesa zenye herufi K. AMD ni mkarimu zaidi: B350, B450, B550 na B650 zote huruhusu, na miongoni mwa zilizofungiwa prosesa ni A320, A520 na A620.

Atakayepinga atasema bodi za Z na X huwa zimejengwa imara zaidi, na hilo ni kweli mara nyingi. Lakini uimara unaotakiwa umo kwenye saketi inayolisha prosesa umeme, ile safu ya vijisanduku karibu na soketi, na iko B550 yenye saketi nzito kuliko Z ya bei ya chini. Umuhimu wake unaonekana kwa hesabu fupi. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawia na kasi, na sawia na kipeo cha pili cha volti. Ongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, matumizi yatapanda kwa takriban asilimia 33. Bodi isiyo na kipoza joto juu ya saketi hiyo inaweza kuipunguzia prosesa kasi, hata kama chipseti imeruhusu kila kitu.

Pingamizi la pili ni la mwinuko, na halipaswi kupuuzwa. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro karibu mita 2,300. Uzito wa hewa Karatu ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani, na ukingoni kama 80, kwa hiyo feni ikizunguka vilevile husukuma hewa nyepesi inayobeba joto kidogo. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, katika mwongozo wake wa vituo vya data hushusha kikomo cha joto la chumba kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 kuanzia mita 900. Kwa kipimo hicho Karatu hupoteza nyuzi 2 na ukingo karibu 5. Lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Karatu hupata takriban nyuzi 10 za ubaridi zaidi kuliko pwani. Mwinuko unarudisha zaidi ya unachochukua. Adui halisi wa feni hapa ni vumbi jekundu la kiangazi.

Umeme ndio usio na msamaha. Pawasaplai nzuri huvumilia kukatika kwa takriban milisekunde 16 tu, na mashine iliyopandishwa kasi hadi ukingoni mwa uthabiti huzima kwa mtikisiko ambao ya kawaida ingeuvuka. Tofauti ya bei kati ya Z na B iende kwenye UPS na pawasaplai. Mwenye mashine ya ofisi ya mtumba, mathalani Dell OptiPlex 7010 yenye Q77 au HP EliteDesk 800 G1 yenye Q87, hana cha kuchagua. Chipseti hizo zimefungwa, na shilingi zake ziende kwenye RAM na SSD.

Ng'ambo ya Lodoare, lango la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, ofisi inapotegemea sola na betri, B550 yenye Ryzen 5000 ina faida nyingine: ruhusa ileile inayopandisha kasi huwezesha pia kushusha volti, kila kiini kwa kiwango chake, na prosesa ikabaki na kasi yake huku ikila wati chache.