Kidonge cha Jioni

Mwezi wa tisa ukiingia, Rasbura inanukia mabibo. Aliyekulia kwingine anaweza kudhani ni harufu ya matunda tu, lakini sisi watu wa Lindi tunajua kinachofuata. Korosho inaokotwa, inakaushwa na kusubiri mnada. Bibo lenyewe halikai, siku moja tu limeshaanza kuharibika, kwa hiyo linakamuliwa. Maji yake yakilala usiku mmoja yanakuwa uraka. Ukiuchemsha uraka na kuukinga mvuke wake, unapata nipa, ambayo kwingine wanaiita gongo na sheria inaiita moshi. Vyote hivyo nilivijua kwa karibu mno, kwa miaka kumi na moja.

Sasa ni mwaka wa nne namiliki kidonge kimoja kwa siku. Kinaitwa naltreksoni. Mimi ni mtu wa vitabu, si mtu wa dawa, ila ukishaanza kumeza kitu kila jioni unataka kujua kilitoka wapi, nani alikibuni, na kwa nini kilichelewa kufika. Nikaanza kusoma. Haya ni niliyoyapata, yamechanganyika na yangu mwenyewe, maana sioni namna ya kuyatenganisha.

Kwanza nilikutana na sheria, na sheria zetu juu ya pombe ni nyingi. Mwaka 1890, katika Mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kubana biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika. Mwaka 1919, kule Saint-Germain-en-Laye, wakakaza zaidi. Tanganyika chini ya Mwingereza, Mwafrika aliruhusiwa pombe yake ya kienyeji kwa masharti, lakini whisky ilikuwa ya Mzungu. Walisema wanatulinda. Huenda wapo waliokuwa wakweli, ila mtu akisoma historia ya mashamba ya mkonge, kama yale ya Kikwetu hapo jirani, anapata shaka kidogo: kibarua mlevi haamki alfajiri. Baada ya uhuru ikaja sheria ya moshi ya mwaka 1966, na juzi juzi, Machi 2017, serikali ikapiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa vinaingia hadi kwenye mifuko ya wanafunzi. Ile ya viroba niliifurahia hata mimi niliyekuwa mteja. Lakini zisome zote na utaona jambo moja: zinatazama chupa, mtungi, pipa, leseni. Mtu mwenyewe anayetetemeka saa kumi na moja alfajiri hayumo.

Mtu huyo aliachiwa mama yake.

Mama yangu alinipeleka kwa shehe nikaandikiwa kombe. Kwa msomaji asiye wa pwani: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, unakunywa. Nilikunywa kwa siku saba na sikuleta dharau, na hata leo sina dharau. Nililala vizuri zile siku saba, pengine kwa sababu kulikuwa na mtu amekaa karibu yangu. Siku ya nane nilikuwa chini ya mkorosho na kikombe changu.

Halafu kuna Ramadhani. Kila mlevi Mwislamu wa mji huu anaweza kuacha siku thelathini. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikajiambia kwamba basi, mimi si mgonjwa. Siku mbili tatu za mwanzo mikono ilitetemeka na jasho lilinitoka usiku, nikasema ni njaa ya saumu. Baadaye daktari aliniambia kwamba mnywaji wa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa, na kwamba nilikuwa nikicheza na roho yangu kila mwandamo wa mwezi. Idi mosi mchana nilikuwa nimesharudi.

Sasa vidonge. Cha kwanza duniani kilichopata jina kwa kazi hii hakikutafutwa na mtu. Mwaka 1937 daktari mmoja wa kiwanda cha kemikali huko Marekani aliandika kwamba wafanyakazi walioshika dawa fulani ya kutengenezea mpira hawakuweza tena kunywa pombe. Wakionja tu, uso unawaka na moyo unakwenda mbio. Aliuliza kama hiyo siyo tiba ya ulevi, na swali likalala. Miaka michache baadaye, Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wanachunguza kemikali ya ukoo huo huo, disalfiramu, kama dawa ya minyoo. Walikuwa na desturi ya kujijaribia wenyewe. Wakameza, hawakuona neno, hadi walipokunywa bia na wakaugua. Mwaka 1948 waliyatangaza matokeo, na dunia ikaipata Antabuse. Mwaka huo huo huku kwetu Mwingereza alikuwa anang'oa visiki Nachingwea kwa ajili ya mpango wake wa karanga.

Antabuse inafanya kazi kwa kitisho. Pombe ikiingia mwilini huvunjwa kwa hatua, na hatua mojawapo ni sumu inayoitwa asetaldehidi, ambayo kwa kawaida huondolewa upesi. Disalfiramu inaizuia isiondoke. Ukinywa, unatapika, unapumua kwa shida, unadhani unakufa, na zile siku za mwanzo za dozi kubwa wapo waliokufa kweli. Madaktari walikuwa wakimpa mgonjwa dawa, kisha wanampa glasi makusudi, ili aone. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Ni fimbo hiyo, imetiwa ndani ya mwili. Na mwenye akili timamu anajua pa kuikwepa fimbo: haimezi tu.

Wapenzi wa riwaya wanamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa, katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, 1971. Tuliisoma tukamchukia, na alistahili. Niliirudia mwaka juzi, nikiwa nimeacha, na nikajikuta nawaza jambo la kipuuzi: wakati Zakaria anakunywa mali ya nyumba yake pale Ukerewe, Antabuse ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu katika kitabu kile anayefikiri kwamba baba huyu anatibika. Simlaumu mwandishi, alitupa nchi kama ilivyokuwa.

Naltreksoni ina njia nyingine. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1963, katika utafiti wa dawa za jamii ya afyuni, na ikaruhusiwa huko mwaka 1984 kwa watu wa heroini. Wakati huo sayansi ilikuwa imeshajua, tangu miaka ya 1970, kwamba ubongo unajitengenezea afyuni yake wenyewe, na kwamba pombe inaifungulia bomba. Naltreksoni inakaa mlangoni ile raha isiingie. Mwaka 1992 tafiti mbili, ya Joseph Volpicelli na wenzake Pennsylvania na ya Stephanie O'Malley na wenzake Yale, zilionyesha kwamba waliopewa kidonge hiki walirudi kwenye ulevi mzito kwa uchache kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kwa pombe. Hakikupigi ukinywa. Kinakuacha unywe, halafu unashangaa mbona hakuna kitu.

Nami nilishangaa. Wiki ya pili nilikunywa, nakiri. Uraka ulikuwa uraka tu, maji machachu. Nilikaa na kikombe nusu saa, nikaenda nyumbani.

Ila kisije kikasifiwa kama tembo la mgema. Siku kumi za kwanza nilikuwa na kichefuchefu kisichoelezeka, kichwa kizito, na usingizi umekata. Nilikuwa nakimeza asubuhi na chai kavu. Daktari akanirudisha kwenye nusu kidonge, miligramu 25, kwa wiki moja, kisha nikapanda hadi 50, na akaniambia nimeze baada ya kula chakula cha maana. Nikahamia jioni, baada ya wali. Kichefuchefu kikapungua, kikaisha. Ramadhani nameza baada ya futari, na saumu haiguswi. Damu ilipimwa kabla ya kuanza na inapimwa tena na tena kuangalia ini. Na nina kikaratasi kwenye pochi kinachosema nisipewe tramadoli, kodeini wala mofini bila daktari kujua, kwa sababu hazitafanya kazi. Nilipong'olewa jino nilikitoa kama kitambulisho.

Lililonitisha zaidi halikuandikwa kwenye boksi. Mwezi wa kwanza pweza wa kukaanga hakuwa na ladha, na taarabu ilipita masikioni kama tangazo la redio. Niliogopa kwamba nimefunga mlango mkubwa kuliko nilivyokusudia. Mke wangu akasema, "Baba Salma, wewe hujakaa bila kilevi miaka kumi. Hujui hata pweza ana ladha gani." Polepole ladha ilirudi. Sijui nani alikuwa na haki, kidonge au yeye.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati, mwenzake uliotokea Ufaransa miaka ya 1980, katika orodha ya dawa muhimu. Kwenye duka la dawa nilikoulizia, kijana alitazama cheti akasema, "Kaka, hii mpaka Dar." Mdogo wangu ananitumia kwa basi, ndani ya bahasha.

Jumamosi iliyopita, baada ya Magharibi, kijana wa jirani, mbeba magunia, alibisha hodi. "Shikamoo mwalimu. Nasikia una dawa. Nigawie hata viwili." Mikono yake niliijua. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kabatini nilipomuuliza kama anatumia kitu kingine. Akasema tramadoli tu, ya mgongo, kila siku, tangu mwaka jana. Nikakaa chini. Kidonge changu kingeifukuza tramadoli mwilini mwake kwa mkupuo mmoja, na angegaragara hapo hapo sebuleni kwangu. Nikamwambia sitampa, na asiache pombe ghafla usiku huo kwa kunisikiliza mimi. Alinitazama kama nimemnyima maji.

Mke wangu akamletea wali. Alikula kidogo. Tumekubaliana Jumatatu saa moja asubuhi, bajaji nalipa mimi, na pale kwa daktari nitakaa naye kwenye benchi.