Noeli katika Nyumba Zetu: Mila za Kale na Mila Mpya



Kila mwaka, Majilio yakianza, sisi wakatekista tunapata wageni wa aina mbili. Kwanza anakuja mzee. Anaketi, anaweka fimbo yake chini, anatuambia: «Mwalimu, watoto wangu wameleta nyumbani mti wa plastiki wenye taa. Ule ni mti wa wazungu, si wa Noeli. Waambie wauondoe.» Kesho yake anakuja kijana wa nyumba ileile: «Mwalimu, baba anataka siku ya Noeli tule wote sahani moja, tuwataje marehemu wetu, na mtu asiyepatana na ndugu yake asiguse chakula mpaka wapatane. Hizo ni mila za kipagani. Mwambie aziache.»

Kila mmoja anaamini kwamba Noeli yake ndiyo ya kweli, na ya mwenzake imepotea njia. Na ugomvi huo si mdogo. Tumeona nyumba ambamo baba alikula peke yake chumbani siku ya Noeli, na watoto wakala kwa jirani. Je, Mwana wa Mungu alizaliwa ili watu wa nyumba moja wagawanyike?

Basi, kabla ya kuhukumu, tuiulize historia. Nayo itatuonyesha jambo ambalo mzee na kijana wote wawili hawajalifikiri: kati ya mila za Noeli zinazofanywa nyumbani, hakuna hata moja iliyokuwapo tangu mwanzo. Kila moja ilikuwa mpya siku moja, katika nyumba ya watu fulani.

Mwanzo wa sikukuu

Tufungue Injili ya Luka. Tunasoma habari za Betlehemu, za hori la ng'ombe, za wachungaji waliokesha na makundi yao. Lakini siku haitajwi, wala mwezi. Wakristu wa kwanza walikuwa na sikukuu moja iliyopita zote, ndiyo Pasaka. Habari ya zamani kabisa tuliyo nayo ya sikukuu ya 25 Desemba inatoka katika kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354. Nayo inatuonyesha kwamba sikukuu hiyo ilikwisha kuadhimishwa mjini humo mwaka 336. Tangu kuzaliwa kwake Yezu ilikuwa imepita miaka zaidi ya 300!

Kwa nini 25 Desemba? Wataalamu wanatoa maelezo mawili. Wengine wanasema: huko Ulaya mwezi wa Desemba ni wakati wa baridi na giza. Mchana unafupika siku kwa siku, halafu kabla ya mwisho wa mwezi jua linageuka na mchana unaanza kurefuka tena. Wapagani wa Roma waliliheshimu jua. Kaisari Aureliano alilijengea hekalu kubwa mwaka 274. Wakristu nao wakatangaza kwamba Kristu ndiye Jua la kweli. Wengine wanasema: hapana, Wakristu walihesabu tu miezi tisa tangu 25 Machi, siku waliyoikumbuka kuwa ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Huenda sababu zote mbili zilisaidiana.

Tena, katika Roma hiyohiyo, kuanzia 17 Desemba wapagani walikuwa na sikukuu yao iliyoitwa Saturnalia. Siku hizo mabwana waliwakaribisha watumwa wao mezani, hata pengine wakawahudumia. Watu walipeana mishumaa na vinyago vidogo vya udongo. Tazameni basi: mishumaa, zawadi na meza ya pamoja vilikuwapo katika majira yale kabla watu hawajabatizwa.

Je, Eklezia ilifanya nini mbele ya mila za namna hiyo? Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia abati Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda kuwahubiri Waingereza. Alimshauri kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ndizo zivunjwe, nyumba inyunyizwe maji ya baraka, iwe nyumba ya Mungu. Na kwa kuwa watu wale walizoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mizimu, waendelee kuchinja, ila sasa wale kwa furaha yao na kumshukuru Mungu aliyewapa. Aliona kwamba anayepanda mlima hupanda hatua kwa hatua, haruki. Huyo alikuwa Papa, wala hakuogopa nyama ya sikukuu ya zamani. Alitaka tu kujua: sasa wanamshukuru nani?

Pango, mti na mishumaa

Tuje kwenye pango la Noeli tunalolitengeneza katika makanisa yetu. Wengi wanadhani ni la tangu siku za Mitume. Kumbe desturi hii tunaikumbuka hasa kwa tendo la Mtakatifu Fransisko wa Assisi! Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alimwomba rafiki yake mmoja atayarishe hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Usiku wa Noeli wanakijiji wakaja na mienge, na Misa ikasomwa juu ya hori lile. Hapakuwa na sanamu nzuri za kununua. Fransisko alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto Yezu alivyokosa hata mahali pa kulala. Kwa watu wa Greccio hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Na ule mti ambao mzee wetu haupendi? Mwaka 1605 mtu mmoja aliandika kwamba katika mji wa Strasbourg watu waliweka miti ya msonobari ndani ya nyumba zao, wakaipamba kwa mawaridi ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Mti haukuanzia kanisani. Ulianza katika nyumba za watu wa kawaida, katika nchi za Wajerumani na jirani zao. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wao, na watu wengi wakaiga. Katika uwanja wa Mtakatifu Petro, kule Roma, mti wa Noeli ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo II. Kwa hiyo hata Roma mti huo ni mgeni. Mzee wetu anauona mpya, na kweli si wa zamani sana.

Na lile taji la majani lenye mishumaa, tunalowasha Jumapili za Majilio? Hilo lilitoka kwa mchungaji Mprotestanti, Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini mjini Hamburg. Mwaka 1839 watoto walimsumbua kwa kuuliza kila siku: «Noeli bado?» Akachukua gurudumu la gari la kukokotwa, akalipanga mishumaa midogo kwa siku za kazi na mikubwa minne kwa Jumapili, ili watoto wahesabu wenyewe. Leo taji hilo limo katika makanisa mengi ya Kikatoliki, wala hakuna anayeuliza lilitoka wapi.

Kutoka Ulaya hadi Tanganyika

Mila hizo zilifikaje kwetu? Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa. Miaka 32 baadaye, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Wamisionari walituletea Injili. Na pamoja na Injili walileta kumbukumbu za nyumba za mama zao, kama mtu yeyote anayesafiri mbali. Waliotoka Ubelgiji walikuwa watoto wa nchi ambamo usiku wa kuamkia 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, watoto huweka viatu vyao karibu na moto, wapate zawadi asubuhi.

Lakini jambo moja halikuweza kusafiri nao: majira. Huko kwao, Desemba mavuno yamekwisha ingizwa ghalani, nguruwe amechinjwa, shamba limelala chini ya baridi, na mkulima ana nafasi ya kukaa karibu na moto. Huku kwetu kusini ya Kongo, Desemba mvua inanyesha, mahindi bado machanga, magugu yanashindana nasi, na chakula cha mwaka uliopita kinapungua. Noeli yao ni sikukuu ya ghala lililojaa. Noeli yetu ni sikukuu ya jembe.

Tusipoelewa tofauti hiyo, tunaumia. Kila mwaka tunaona baba anakopa franka ili watoto wote wapate nguo mpya, mama apate kikwembe, na kuku na bia visikosekane. Mwezi wa Januari unga umekwisha, na mwenye deni anabisha mlangoni. Wazee wetu walijua namna ya kupita miezi ya njaa: chungu kimoja, sahani moja, na jirani aliyekosa aitwe ale. Mila hiyo ya kale, ambayo kijana wetu anaiita ya kipagani, ndiyo iliyotengenezwa kwa majira ya Noeli yetu. Na je, haifanani zaidi na hori la Betlehemu kuliko karamu ya deni?

Noeli ilipokatazwa

Tena historia inatufundisha jambo jingine. Zilikuwapo nyakati ambapo Noeli yenyewe iliondolewa. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza lilifuta sikukuu hiyo, kwa kuwa wenye nguvu waliiona kuwa mila isiyo na msingi katika Biblia. Watu walinung'unika, wengine wakagombana mitaani, na mwaka 1660, mfalme aliporudi, sikukuu ikarudi pia.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristu. Mwaka 1974 ikaiondoa Noeli katika sikukuu za taifa, na 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Tunayajua hayo kwa midomo ya wazazi. Bibi yetu alituambia kwamba siku hiyo babu alikwenda kazini asubuhi kama kawaida. Jioni alirudi, akanawa, akavaa shati lake safi. Wakala bukari na ndakala, wakasali pamoja, wakaimba kwa sauti ndogo. Hapakuwa na mti, wala taa, wala nguo mpya. Tulipomwuliza kama Noeli ile ilikuwa ya huzuni, alicheka. Alisema: «Ndiyo Noeli ninayoikumbuka kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyekosekana.»

Leo 25 Desemba ni tena siku ya mapumziko katika nchi yetu. Lakini neno la bibi lisisahauliwe. Serikali iliondoa mapambo na mapumziko. Nyumba ilipokusanyika kumsifu Mtoto, Noeli ikabaki.

Tumjibuje mzee, tumjibuje kijana?

Kwa mzee tunasema: Baba, usiukatae mti kwa sababu tu ni mpya. Pango nalo lilikuwa jambo geni Greccio, na taji la Majilio lilikuwa geni Hamburg.

Kwa kijana tunasema: Mwanetu, usiikatae sahani ya baba yako kwa sababu tu ni ya kale. Kupatana na ndugu ni agizo la Injili. Na kuhusu marehemu: Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma 30 Aprili 1988, mwanzoni mwa Misa inawataja watakatifu pamoja na mababu wetu wenye moyo mnyofu. Ikiwa Eklezia inawakumbuka altareni, wewe unawaonea haya mezani?

Na kwa wote wawili tunatoa maswali matatu, ambayo kila mila ipimwe nayo, iwe ya kale au mpya. Je, inatufikisha kwa Mtoto aliye horini? Je, inawakusanya watu wa nyumba? Je, inamwacha maskini nje, au inatuacha na deni? Mila inayojibu vema ikae. Inayoshindwa itoke, hata kama ilitoka kwa babu, hata kama ilitoka Ulaya.

Tukumbuke tarehe 1 Desemba 2019, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo Papa Fransisko alisoma Misa pamoja na Wakongo wa Roma katika basilika ya Mtakatifu Petro, kwa taratibu ile yetu ya 1988, na nyimbo na kucheza. Siku hiyohiyo alikwenda Greccio, akatia sahihi barua yake ya kuwahimiza Wakristu watengeneze pango katika nyumba zao. Mila ya Italia na mila ya Kongo zilikaa katika siku moja, wala hazikugombana.

Hata ile nyumba yenye ugomvi, mwaka uliofuata ilitualika. Mti wa plastiki ulikuwa pembeni, taa zake zimezimika kwa kukosa umeme. Chini yake palikuwa na pango la udongo na majani ya migomba, alilolifinyanga mzee pamoja na wajukuu. Mzee akataja majina ya marehemu mmoja mmoja. Kijana akasoma Injili kwa mwanga wa mshumaa. Kisha ikaletwa sahani moja ya bukari na sombe. Mjane wa jirani alikuwa wa kwanza kunawa mikono.

Noeli njema kwenu wote, na kwa wote wa nyumbani mwenu.