Ng'ambo mbili za Lubiriha: juu ya nini kwetu mufungwa anatoka peke yake?

Mimi nilisoma agronomi, si sheria. Wenye licence ya sheria watanisahihisha. Lakini kuna jambo moja lilinikamata, na nimeona tulijadili hapa.

Msimu mmoja nilikuwa natafuta vijana wa kupalilia kahawa, nje kidogo ya Butembo. Mmoja wao alikuwa ametoka gerezani wiki ile ile. Kosa lake: mbuzi ya jirani. Nilimuuliza: «Sasa nani anakufuatilia?» Akacheka: «Anifuatilie nani? Niko na karatasi tu.» Alitumika siku tisa, muzuri kabisa. Siku ya kumi hakuonekana, na mpaka leo sijui alienda wapi.

Ile jibu yake ndiyo ilinituma kusoma historia. Kumbe kuna inchi ambako tribinali iko na mtu wa kazi ile: kumfuata mwenye kosa nyumbani, kuongea na familia yake, kumtafutia kazi, kisha kuelezea mwamuzi mambo inaendaje. Uganda na Kenya wanamuita afisa wa probesheni.

Kazi hii haikuanzishwa na mwanasheria. Ilianzishwa na fundi wa viatu wa Boston, Marekani, jina lake John Augustus. Mwaka 1841 aliomba tribinali imuachie mlevi mmoja, yeye mwenyewe amchunge. Baada ya wiki tatu alimrudisha mbele ya mwamuzi, mtu hanywi tena. Hakupelekwa gerezani, alilipishwa faini ya senti moja. Augustus aliendelea hivyo mpaka kifo chake mwaka 1859, na watu aliowasimamia walikaribia 2,000.

Waingereza waliweka kazi hiyo ndani ya sheria mwaka 1907. Sheria yao ilisema afisa amshauri mtu, amsaidie, awe rafiki yake. Angalia vizuri: rafiki, si polisi tu. Kisha wakaipeleka kwenye makoloni. Kenya ilianza mwaka 1946. Uganda, mara tu baada ya uhuru, ikawa na sheria yake mwaka 1963. Leo huko, mbele mwamuzi akate maneno, anaweza kuomba raporo ya afisa: huyu mtu anaishi na nani, anakula nini, kosa lilitoka wapi.

Na sisi? Sisi tulirithi njia ya Ubelgiji. Tarehe 31 Mei 1888, waziri wao wa sheria, Jules Le Jeune, alipitisha sheria yenye mambo mawili: kumhukumu mtu bila kumfunga kama ni kosa lake la kwanza, na kumtoa mufungwa mbele ya wakati kwa masharti. Mambo hayo mawili yaliingia Kongo, na tunayakuta ndani ya sheria ya makosa ya tarehe 30 Januari 1940, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wetu. Mufungwa aliyemaliza robo ya kifungo, kama amepitisha miezi mitatu ndani, anaweza kutolewa kwa masharti. Waziri wa Sheria ndiye anaamua. Akiharibu, anarudishwa.

Muzuri. Lakini nani anaangalia kama anaharibu ao anatengeneza? Ile sheria ya 1888 ilileta uhuru wa masharti, haikuleta mtu wa kutembea na yule aliyeachiliwa. Wabelgiji wenyewe waliona pengo hilo, wakaongeza probesheni kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1964. Hesabu kidogo: 1964. Sisi tulikuwa tumepata uhuru mwaka 1960. Miaka minne tu! Tulibaki na nusu ya chombo: jembe bila mpini.

Kwa watoto, tulitembea zaidi. Dekre ya tarehe 6 Desemba 1950 ilimruhusu mwamuzi kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi, kumkabizi kwa mtu ao shirika, ao kumweka mikononi mwa serikali. Halafu ikaja sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto. Hiyo ilileta tribinali za watoto, na asistanti sosiali anayefanya uchunguzi: anaenda ku familia, anauliza, anaandika. Kwa maneno mengine, kazi ya afisa wa probesheni tunaijua. Tunaisimamisha tu siku mtoto anafikisha miaka 18.

Sasa shuka mpaka Kasindi, kilomita karibu 80 kutoka Beni. Mto Lubiriha unavukwa kwa dakika chache. Ng'ambo hii Wanande, ng'ambo ile Wakonzo: lugha moja, mababu wamoja. Kijana wa Kasese akiiba mbuzi, kuna ofisi ya probesheni ku distrikti yake. Kijana wa kwetu akiiba mbuzi ile ile, iko gereza, ao faini, ao ile karatasi. Ni mpaka uliochorwa na wazungu ndio unaamua kama utakuwa na mtu wa kukufuata.

Mtu atasema: kwetu kuna vita, nani anafikiria mambo ya wezi wa mbuzi? Mimi ninaona vita ndiyo sababu ya kufikiria. Tarehe 11 Juni 2017 gereza la Kangbayi, ku Beni, lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Tarehe 20 Oktoba 2020 likashambuliwa tena, wakatoka zaidi ya 1,300. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, mu Butembo: zaidi ya 800. Na tangu hali ya dharura ya Mei 2021, kesi za makosa zilipopelekwa ku tribinali za kijeshi, magereza yalizidi kujaa watu wanaongoja kuamuliwa. Gereza lililojaa hivyo, likivunjwa, linamtoa muuaji na mwizi wa mbuzi mlango mmoja, usiku mmoja. Wote wawili wanaingia porini, na porini kuna watu wanaotafuta vijana.

Lakini mwaka 2020 kuna wachache waliorudi wenyewe gerezani. Mimi hao ndio ninafikiria sana. Mtu anayerudi mwenyewe, angeshindwa kuchungwa na asistanti sosiali mmoja mwenye pikipiki na kitabu?

Najua, serikali haina pesa. Lakini kumlisha mufungwa pia ni pesa, hata kama mara nyingi ni familia na parokia wanaoleta chakula. Wazee wa kijiji, shefu wa kartie, katekista: hawa tayari wanafuata watu, bila karatasi, bila mshahara, na mwamuzi hawasikii. Kwa kuanza, sheria ingewapa tu mahali pa kuongea.

Sisi ma-agronome tunajua jambo moja: mche wa kahawa ukiutoa ku kitalu na kuupanda juani bila kivuli, ukikauka usiseme mbegu ilikuwa mbaya.

Hapa tuko na wanasheria, wanasosiolojia, wanasaikolojia, wengi bila kazi. Naomba wanasheria wanijibu: inahitaji sheria mpya ya bunge, ao ile ya 2009 inaweza kurefushwa mpaka kwa watu wazima? Wengine, mniambie: nani kati yenu angekubali kazi hiyo?